Matundu yaliyopona kisha yakafunguka: jibu kwa mama wa Tanga

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Tanga. Wiki saba zilizopita nilitolewa mfuko wa nyongo uliokuwa na mawe, kwa ule upasuaji wa matundu. Matundu yalikuwa manne. Yalipona vizuri, nikatolewa nyuzi, nikarudi kazini. Wiki ya nne tundu la kitovuni likawa gumu, likavimba, likapasuka likatoa maji. Sasa na lile la chembe cha moyo limeanza hivyo hivyo. Sina homa na chakula nakula. Nimemaliza dozi mbili za antibayotiki za aina tofauti, sioni nafuu. Usaha ulipimwa, majibu yakasema hakuna mdudu. Jirani anasema wamesahau uzi ndani. Mama mkwe ananikanda kwa maji ya moto ya chumvi. Mimi naogopa saratani. Nifanye nini, na je, nirudi hospitali ileile?"

Marahaba mama, na pole sana kwa wiki hizi.

Nianze na hofu yako kubwa. Kwa jinsi ulivyoeleza, saratani siyo ninayoishuku kwanza, na nitakwambia kwa nini. Sijakushika tumbo, kwa hiyo maneno yangu hayachukui nafasi ya daktari atakayekuona. Ila umeeleza vizuri kiasi kwamba naweza kukwambia ninachokishuku, na kipi kifanyike kabla hujameza kidonge kingine chochote.

Mgonjwa akija kwangu na tundu linalosumbua, kabla sijafungua bandeji humuuliza: lilianza siku ya ngapi tangu upasuaji? Jibu lake hunipa nusu ya kazi. Wewe umeandika "wiki ya nne", na hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote katika barua yako.

Siku mbili za mwanzo shida huwa za damu na gesi. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kamera ipate nafasi ya kuona, na inayobaki hukera kiwambo kilicho chini ya mapafu. Ndiyo maana watu huamka na maumivu ya bega wakadhani wamelazwa vibaya mezani. Huisha yenyewe baada ya siku mbili tatu. Gesi ikipenya chini ya ngozi, ukibonyeza unahisi kama unakanyaga majani makavu, nayo hunywea. Damu ndiyo ya kuangalia. Kushoto na kulia kwa kitovu, ndani ya msuli, hupanda mshipa wa damu, na bomba la kupitishia vifaa likiuchubua, doa dogo jeusi la jioni laweza kuwa uvimbe wa embe dodo kukicha. Uvimbe unaokua, kizunguzungu na jasho la baridi ni mambo ya kumwamsha nesi saa hiyohiyo.

Kuanzia siku ya tatu hadi ya kumi hivi ni zamu ya maambukizi tuliyoyazoea. Ngozi inakuwa nyekundu, inapata moto, inauma, inatoa usaha mzito wa njano. Mara nyingi wahusika ni bakteria wanaoishi kwenye ngozi yetu wenyewe, na hupenda kitovu kwa sababu ya mikunjo yake, tena huko ndiko mfuko wa nyongo hutolewa kwa wagonjwa wengi. Mfuko uliooza ukivutwa nje bila kuingizwa kwanza kwenye kifuko cha plastiki, hupaka uchafu njia nzima. Tiba yake ni nyepesi: toa uzi mmoja au miwili, usaha utoke, kidonda kioshwe kila siku. Antibayotiki huhitajika wekundu ukitambaa, homa ikipanda, au mgonjwa akiwa na kisukari ama kinga dhaifu. Wengi hupewa dawa bila kidonda kufunguliwa, na usaha uliofungiwa hauponi kwa vidonge.

Wewe umeshavuka kipindi hicho. Ngozi ilifunga, ukatolewa nyuzi, ukarudi kazini, kisha kitu kikaamka chini ya kovu. Wagonjwa wa namna hii nimewaona, na wote husimulia kitu kimoja. Kunaanza kigumu kama punje ya choroko. Ngozi juu yake inageuka nyeusi-nyeusi, inalainika, inapasuka tundu dogo la kupitisha njiti ya kiberiti. Kinachotoka si usaha mzito, ni majimaji meupe kama maji ya kuoshea mchele. Linakauka siku nne tano, mtu anamshukuru Mungu, halafu linafumuka tena. Homa hakuna. Maumivu ni ya kuvumilika. Na mara nyingi si tundu moja.

Ninachokishuku ni bakteria wanaoishi kwenye maji, walio wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu. Ukoo wao huitwa mikobakteria, na hawa si wale wanaoleta kifua kikuu chenyewe, ni binamu zao. Wanaoonekana zaidi kwenye matundu ya upasuaji ni Mycobacterium chelonae, Mycobacterium abscessus na Mycobacterium fortuitum. Yanakili majina hayo kwenye karatasi uende nayo, kwa sababu daktari mwenye foleni ya watu sitini anaweza asiwafikirie mpaka akumbushwe. Wanaishi kwenye udongo, kwenye matangi, kwenye mabomba ya maji. Tunaoga nao na kunywa nao bila madhara. Shida inakuja wakipandwa ndani ya mafuta ya chini ya ngozi, mahali penye damu kidogo na joto la kutosha. Humo hukua taratibu, ndiyo maana dalili huja baada ya wiki tatu, nne, wakati mwingine miezi. Kidonda cha namna hii hakiambukizi watu wa nyumbani kama kifua kikuu cha mapafu kinavyofanya. Kifunike, nawa mikono, endelea kupika na kulala na wanao.

Sasa wanapandwaje? Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu jambo hili linanikera kwa miaka mingi.

Koleo la upasuaji wa matundu lina urefu wa zaidi ya sentimita 30 na unene wa milimita 5 tu. Ndani yake ni bomba, na ndani ya bomba kuna kifimbo kinachovuta na kusukuma ili mdomo ufunguke. Baada ya kazi ukilifuta kwa kitambaa, kwa nje linang'aa. Lifungue. Utakuta kifimbo kimepakwa damu iliyokauka rangi ya kahawa, na kwenye bawaba ya mdomo kumekwama kipande cha mafuta kidogo kama chembe ya sembe. Hapo dawa ya kuua vijidudu haipenyi mpaka brashi itangulie. Koleo la upasuaji wa wazi halina siri hizi. Ni chuma kitupu, linaingia kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke mkali, na mvuke unamaliza kazi.

Vifaa hivi ni vya bei kubwa na hospitali nyingi zina seti moja au mbili. Kukiwa na wagonjwa wanne siku moja, otoklevu inaonekana inachelewesha. Njia ya mkato iliyotumika duniani kote kwa miaka mingi ni kuloweka vifaa kwenye glutaraldehaidi, dawa ya maji ya kuua vijidudu, ya asilimia 2 kwa dakika 20, kuvisuuza, kisha kuvirudisha mezani. Dakika 20 zinaua bakteria wa kawaida, lakini hazitoshi kutakasa kifaa kikamilifu. Ili dawa hiyo iue hata mbegu ngumu za vijidudu, kifaa chahitaji kulala humo kama saa 10. Na hata kama dawa imefanya kazi yake, bado kuna kusuuza. Nikiwa daktari kijana, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nilikuwa nikiona koleo likitolewa kwenye dawa, likachovywa kwenye karai la maji ya bomba, likapanguswa, likanifikia mkononi. Nikalitumia. Hakuna kati yetu aliyekuwa na nia mbaya, na hakuna aliyesimama kuuliza yale maji yametoka wapi. Wagonjwa wawili wa mwezi ule walirudi na vidonda kama vyako, nasi tukawapa antibayotiki ileile unayopewa wewe, mara tatu.

Dunia imeshalipia somo hili. Katika jimbo la Rio de Janeiro, Brazil, kati ya Agosti 2006 na Julai 2007, walihesabiwa zaidi ya wagonjwa 1,000 walioshukiwa kupata maambukizi haya katika hospitali zaidi ya 60, wengi wao wakiwa wamepasuliwa kwa kamera. Aina ya bakteria iliyosambaa huko ilistahimili glutaraldehaidi ya asilimia 2. Mwaka 2009 mamlaka ya afya ya Brazil ikasimamisha utakasaji wa vifaa hivyo kwa kuviloweka kwenye dawa ya maji. Kinachotakiwa ni kufungua kila kiungo, kupiga brashi ndani ya bomba, kukausha, kisha mvuke wa otoklevu. Na kile kisichostahimili joto kipelekwe kwenye mashine za gesi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Siwezi kusema kwamba hospitali iliyokupasua ilifanya kosa hili. Ninachosema ni kwamba kidonda cha wiki ya nne, kwenye matundu mawili, kisichosikia dawa, kinatakiwa kitafutwe bakteria hawa mpaka ijulikane wapo au hawapo.

Majibu yako ya "hakuna mdudu" hayanishangazi hata kidogo. Fikiria kilichotokea: pamba ya kijiti ilipitishwa juu ya kidonda, ikapelekwa maabara, ikapakwa kwenye sahani ya kuoteshea, sahani ikatazamwa siku ya kwanza na ya pili, haikuota kitu, ikatupwa. Bakteria wa kawaida huota ndani ya siku mbili. Hawa ninaowashuku huhitaji siku tatu mpaka saba, wengine zaidi. Sahani ilitupwa kabla wageni hawajafika. Isitoshe, huenda ulikuwa katikati ya dozi ya antibayotiki, na pamba hubeba kidogo mno.

Kwa hiyo ukienda hospitali, ombi lako liwe hili. Daktari avute majimaji kwa sindano kabla uvimbe mwingine haujapasuka, au, bora zaidi, akate kipande cha nyama, chini ya ganzi, kutoka ukutani mwa mfereji wa kidonda, yaani njia inayotoka kwenye tundu kwenda ndani. Kipande kigawanywe mara mbili. Nusu moja iingie kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, iende kwa wataalamu wa patholojia, wanaochunguza nyama kwa darubini. Nusu nyingine iingie kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi ya dripu, bila tone la formalini, iende kuoteshwa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mara nyingi kipande chote kikitumbukizwa kwenye formalini. Bakteria wanakufa humo, na hakuna tena cha kuotesha. Fomu ya maabara iandikwe wazi kwamba zinatafutwa mikobakteria, na sahani zitunzwe wiki kadhaa. Maabara zinazootesha kifua kikuu zinaifahamu kazi hii.

Kuna mtego hapa ambao umewapotezea wagonjwa miezi. Patholojia ikitazama nyama hiyo kwa darubini huona vinundu vinavyofanana mno na vya kifua kikuu. Ikipakwa rangi ya kutafuta vimelea vya kifua kikuu, hawa binamu nao hushika rangi ileile. Mgonjwa anaambiwa ana TB ya ngozi, anaanzishiwa dawa za miezi sita, anazimeza kwa uaminifu, kidonda kiko palepale. Rifampisini na isoniazidi, ambazo ndizo uti wa mgongo wa dawa za TB, kwa kawaida haziwawezi hawa watatu niliowataja. Ndiyo maana naomba na kipimo cha GeneXpert kwenye nyama au majimaji hayo. Mashine hiyo humtambua bakteria wa kifua kikuu halisi. Rangi ikionesha vimelea vipo na GeneXpert ikasema si kifua kikuu, hapo shaka yangu inapata nguvu sana. Na ikisema ni kifua kikuu, basi ni kifua kikuu kweli. Nacho huweza kujitokeza kwenye matundu ya upasuaji, hasa katika nchi kama yetu, na dawa zake zipo bure na zinaponya.

Wakikuthibitishia ni wale wa kwenye maji, jiandae kwa safari ndefu lakini yenye mwisho. Dawa inayoongoza ni klarithromaisini, na haipewi peke yake. Huunganishwa na nyingine kulingana na kipimo cha usikivu, kinachoonesha dawa ipi inawaua bakteria wako, mara nyingi amikasini ya sindano kwa wiki za mwanzo. Dawa moja peke yake huwafundisha bakteria usugu. Muda ni miezi, kwa kawaida mitatu hadi sita, wakati mwingine zaidi akiwa ni Mycobacterium abscessus ambaye ni mkaidi kuliko wenzake. Amikasini huweza kuumiza masikio na figo, kwa hiyo vipimo vya figo vifanyike, na ukisikia mlio masikioni au kizunguzungu sema mapema. Klarithromaisini hugombana na baadhi ya dawa za moyo, za mafuta kwenye damu na za kipandauso. Mpe daktari majina ya kila unachomeza, na umwambie kama una mimba au unaitafuta. Huenda pia wakakurudisha chumba cha upasuaji kukata mfereji wote wa kidonda pamoja na nyama iliyooza. Usikatae. Kwa wagonjwa wengi kukata na dawa kwa pamoja ndiko kunakomaliza kazi. Kisha ogopa wiki ya sita ya matibabu: kidonda kimekauka, hela imepungua, mtu anaacha dawa. Hao ndio ninaowapokea upya baada ya miezi mitatu.

Nije kwa jirani yako. Hajakosea sana. Uzi wa kuyeyuka unaotumika kushonea ukuta wa tumbo huchukua wiki nane hadi kumi kuisha, na mwili wa mtu mwingine huukataa kabla hujaisha. Tundu moja hutoa maji, siku moja unaona ncha ya uzi, ukitolewa kwa koleo kidonda kinafunga ndani ya wiki. Hakuna aliyeusahau, uliwekwa makusudi. Lakini uzi kukataliwa matundu mawili kwa mfuatano, bila ncha kuonekana, si jambo la kawaida, na hata hivyo atakayekata nyama atauona kama upo.

Liko na jambo la mawe. Mfuko wa nyongo ukitoboka wakati unavutwa, jiwe linaweza kudondoka tumboni au kubaki kwenye njia ya tundu. Mengi hukaa kimya maisha yote. Machache huleta jipu baada ya miezi au hata miaka. Ultrasaundi ya ukuta wa tumbo italiona, na itaonesha kama mfereji wa kidonda unaishia kwenye mafuta au unaingia ndani. Iombe.

Saratani sasa. Mara chache, mfuko wa nyongo uliotolewa kwa ajili ya mawe hukutwa na saratani ambayo hakuna aliyeijua, na chembe zake huweza kupandwa kwenye tundu ambalo mfuko ulipitia. Hiyo huja kama nundu ngumu isiyo na maji, inayokua polepole, kwa kawaida miezi baada ya upasuaji. Yako imekuja mapema, ina majimaji, na ilijitokeza kitovuni kisha kwenye chembe cha moyo. Haifanani. Lakini jibu la uhakika lipo kwenye karatasi: je, mfuko wako wa nyongo ulipelekwa patholojia, na majibu yalisemaje? Katika hospitali nyingi mgonjwa hulipia kipimo hicho peke yake, na katika pilikapilika ndugu huambiwa "mtafuata majibu" na hayafuatwi kamwe. Mumeo au ndugu aliyekuwa nawe siku ile akumbuke kama alipewa chupa yenye mfuko na mawe. Kama ilienda maabara, kadaini majibu. Kama ipo kabatini nyumbani, ndani ya formalini, bado inafaa kupimwa.

Mama mkwe mpe heshima yake, lakini kukanda kukome leo. Anafanya kama alivyofundishwa kumkanda mzazi, na kwa mapenzi. Kwenye kidonda chenye mfereji, maji ya moto huunguza ngozi ambayo tayari ni dhaifu, kubinya husukuma majimaji kwenda pembeni ambako hayakuwa, na maji yenyewe ya bomba ndiyo makazi ya wadudu ninaowazungumzia. Mkabidhi kazi nyingine: akuchemshie maji, yapoe, yatumike kuosha kidonda kwa sabuni ya kawaida mara moja kwa siku, ukaushe kwa shashi safi, ufunike. Kitovu kikae kikavu. Na kama kuna mtu amekushauri ufungue kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, usifanye. Naona unga huo kliniki karibu kila wiki, umeganda kama plasta ya rangi ya machungwa, na chini yake usaha umekosa pa kutokea. Dawa ya kumezwa imepimwa kwa ajili ya tumbo na damu. Juu ya kidonda hutengeneza gamba na usugu.

Sukari ipimwe, na VVU vipimwe kama hujapima karibuni. Sisemi hivyo kwa kukushuku. Maambukizi haya huwapata watu wazima wa afya kabisa, ila matibabu ya miezi yanataka kujua mwili una nguvu gani.

Kuna jambo hujaliuliza na siwezi kufunga barua bila kuligusa, maana ndilo linaloua. Tundu dogo kwa nje linadanganya. Tangu Erich Mühe alipotoa mfuko wa nyongo kwa njia hii kwa mara ya kwanza, Ujerumani mwaka 1985, sifa yake imekuwa vidonda vidogo, na ni sifa ya haki: mtu anarudi nyumbani kesho yake. Lakini chini ya ngozi kuna utando mgumu unaoshikilia tumbo, na tundu la milimita 10 au zaidi lisiposhonwa vizuri kwenye utando huo, au mshono ukifumuka kwa kikohozi, kunyanyua mizigo au maambukizi kama yako, utumbo hupata mlango. Hiyo ni ngiri. Ya polepole utaiona kama uvimbe laini kitovuni unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala. Hiyo si ya dharura, inasubiri kidonda kipone kisha inashonwa. Ya hatari ni ile inayonasa upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo. Kwa nje huenda usione uvimbe wowote, na choo kinaweza kuendelea kupita, kwa hiyo mgonjwa na hata daktari hudhani ni gesi. Ndani, kile kipande kinakosa damu na kuoza. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki mbili za mwanzo, lakini huweza kuja baadaye.

Basi zijue dalili hizi na umweleze na mumeo: maumivu ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi na kuzidi, kutapika, tumbo kujaa, kigumu kwenye tundu kinachouma na hakirudi ndani, majimaji ya njano-kijani au yenye harufu ya choo kutoka kwenye tundu, homa na kutetemeka, macho kuwa ya njano. Lolote kati ya hayo ni la kwenda hospitali usiku huohuo, bila kusubiri kliniki. Na mpaka utando upone vizuri, ile ndoo ya lita 20 ibebwe na mtu mwingine. Kujifunga khanga tumboni hakuzuii ngiri. Ukipenda kujifunga, kaza kidogo tu, na isikandamize kidonda.

Swali lako la mwisho: urudi hospitali ileile? Ndiyo, uanze huko. Wao wana kumbukumbu za upasuaji, wanajua kama mfuko ulitoboka, wanajua mshono uliotumika. La pili ni kwamba wanahitaji kujua. Kama wewe una bakteria hawa, uwezekano upo kwamba mwingine aliyepasuliwa wiki ileile anahangaika nao huko Muheza au Pangani, akimeza dozi ya tatu ya dawa isiyofaa. Omba jambo lako lifikishwe kwa kamati ya hospitali ya kuzuia maambukizi. Sema kwa upole lakini sema kamili: "Nilipasuliwa tarehe fulani, vidonda vilipona, vimefunguka wiki ya nne matundu mawili, naomba nipimwe mikobakteria." Wakikusikiliza, utahudumiwa kwa haraka kuliko mahali papya. Wakikupa dozi nyingine ya antibayotiki bila kukata nyama, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya kanda au ya taifa, kwa daktari wa upasuaji, na uichukue mkononi.

Siku ya kwenda, beba karatasi ya kuruhusiwa wodini, maboksi matupu ya dawa zote mbili ulizomaliza, yale majibu ya usaha, na picha ulizopiga kwa simu za kidonda kikiwa kimevimba, kikiwa kimepasuka na kikiwa kimekauka, zenye tarehe. Kama antibayotiki ya sasa imekwisha, usianze nyingine kabla nyama haijachukuliwa, maadamu huna homa. Na usiende baada ya kidonda kukauka. Nenda siku ambayo kile cha chembe cha moyo kimelainika na hakijapasuka, asubuhi, ili daktari avute majimaji kwa sindano na chupa iwahi maabara siku hiyohiyo.